Msamaha wa Siku Saba kwa Nyota Sita

Msiniulize nchi hii iko wapi. Ramani yake ipo, ila imefungiwa kabatini kwa Waziri, na funguo za kabati anazo mtu ambaye naye hatajwi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba ilikuwa nchi yenye mwanga. Mwanga tele, mwanga wa kumwaga. Tena si maneno yangu, yaliandikwa hata kwenye mifuko ya sukari.

Mwanga wenyewe ulianza hivi. Rais wao, ambaye watu walimwita Mzee Mwenyewe kwa sababu majina yake yote manne yalikuwa yamesajiliwa kuwa mali ya serikali, alikuwa anarudi safari kwa ndege mnamo saa tatu za usiku. Akachungulia dirishani, akaona chini kweusi tii. Akauliza, "Watu wangu wako wapi?" Akajibiwa kwamba wapo, wamelala. Mzee Mwenyewe akasema maneno yaliyoingia kwenye katiba kabla ndege haijatua: "Wamelala, au wamejificha?"

Mwezi uliofuata kila nyumba ikafungiwa Taa mbili za Amani, kila moja kubwa kama sufuria la pilau la harusini, juu ya paa, zikitazama mbinguni. Zilitazama mbinguni kwa kuwa huko ndiko ndege ya Rais inakopita. Barabarani ndege ya Rais haipiti, kwa hiyo barabarani hakukuwekwa taa hata moja. Watu wakawa wanatumbukia mitaroni chini ya anga jeupe pee, na wakiibuka na tope kiunoni wanaishukuru serikali kwa sauti, maana huwezi kujua nani ametangulia kutumbukia humo na anasikiliza.

Kuzima taa likawa kosa. Kutamani kuzima likawa kosa dogo. Kupiga miayo nje ya nyumba baada ya saa moja kulikuwa bado kunachunguzwa.

*

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo mjane mmoja, Sikitu Masengwa, na kazi yake ndiyo iliyomponza. Alikuwa Shahidi wa Kilimia.

Kilimia mnakijua, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana, ambacho kikianza kuchomoza mashariki jioni mkulima hushika jembe. Kwingine hiyo ni desturi tu. Kwao ilikuwa sheria, na ilikuwa na umri mkubwa kuliko Mzee Mwenyewe. Jembe haligusi ardhi mpaka Shahidi aliyekula kiapo apande Kilima cha Ushuhuda, azihesabu nyota sita kwa macho yake, ajaze fomu, atie sahihi, na fomu hiyo isomwe redioni neno kwa neno. Atakayepanda kabla ya hapo ni mhujumu, na mhujumu alikuwa halali ya mtu yeyote mwenye filimbi ya kuitia polisi. Zamani ilikuwa sheria nzuri. Iliwazuia wenye pupa wasimwage mbegu kwenye mvua za kudanganya.

Sikitu aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila kukosea. Mwaka huu, wa kwanza tangu Taa za Amani, alipanda kilima jioni kumi mfululizo na hakuona kitu. Anga lilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Jioni ya kwanza alidhani ni ukungu. Ya tatu akayashuku macho yake. Ya sita akaishuku kalenda, akaenda kuilinganisha na ya jirani, na jirani akamshuku yeye kwa kutaka kujua tarehe.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, Bi Nyamizi, katika shamba la ekari mbili. Ghalani palibaki madebe matatu ya mahindi. Mbegu ilikuwa imeshachaguliwa na kuwekwa kwenye gunia nyuma ya mlango. Kama Kilimia kisingetangazwa kabla ya mvua za kwanza kupita, wao wangelala njaa mwakani, na nchi nzima pamoja nao.

Jioni ya kumi Sikitu akajaza fomu kama kiapo kilivyomtaka. Palipoandikwa "Matokeo" akaandika: Kilimia hakikuonekana. Palipoandikwa "Sababu" akaandika neno moja: Taa.

*

Asubuhi yake alifika Kamishna Ngoroma wa Idara ya Usalama wa Anga. Akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwa sebuleni, akaitandaza fomu magotini.

"Bi Sikitu, hapa umeandika neno moja. Nani alikusaidia?"

"Niliandika mwenyewe, mkuu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Hapo ndipo ulipoharibu," alisema Kamishna kwa huruma. "Mtu akiwa peke yake tunampata wapi wa kutuambia alikuwa anawaza nini?"

Wakampeleka kwa daktari wa macho. Sikitu alisoma herufi zote ukutani, kubwa na ndogo, akamalizia kwa kusoma jina la mchapaji lililokuwa chini kabisa pembeni, ambalo daktari mwenyewe hakujua kama lipo. Alitoka pale akiwa na furaha, akijua amesalimika. Kumbe ndiyo amejimaliza.

"Kwa hiyo anaona vizuri," Kamishna aliandika kwenye jalada. "Mtu anayeona vizuri halafu akasema haoni, huyo hakushindwa. Huyo amegoma."

Jalada likafunguliwa rasmi. Serikali haikutaka kumwonea mtu, kwa hiyo iliwashuku wote kwa usawa. Ilishukiwa nchi jirani, kwamba imezivuta nyota upande wake kwa hila. Walishukiwa wapinzani, kwamba wamezilipa zisusie msimu. Zikashukiwa nyota zenyewe. Mkurugenzi mmoja alitoa hoja kwamba sita ni wengi mno kukaa pamoja kila jioni bila kibali cha mkutano, na wajumbe wote wakatikisa vichwa na kushangaa jambo hilo liliachwaje miaka yote hiyo.

Ijumaa redio ikasoma tangazo. Nyota sita zinazojulikana kwa jina la Kilimia zilipewa msamaha wa siku saba. Ziripoti kituo cha polisi kilicho karibu nazo, na hazitaulizwa zilikuwa wapi.

Siku ya nne watu tisa walijisalimisha wakisema wao ndio nyota. Walikuwa watu wazima wenye familia zao, ila waliona bora mtu asamehewe kosa lolote linalopatikana, kabla hajafikiwa na lake. Wakasamehewa palepale. Kisha wakawekwa ndani, kwa kuwa idadi ilizidi sita.

*

Mvua ya kwanza ikanyesha siku ya saba ya msamaha. Ilinyesha vizuri, ya kuingia ardhini. Kijiji kizima kilisimama milangoni kikiitazama, majembe yako ndani, yameshanolewa, na kila mtu anachungulia kama kuna mwenzake anayethubutu kutoka. Hakuna aliyetoka. Mzee Chilumba wa nyumba ya pili alishika filimbi yake kifuani siku nzima. Alisema anaipasha joto.

Watu waliacha kumsalimia Sikitu. Alipokwenda kisimani walinyamaza, na alipoondoka akawasikia wanaanza upya. Naye akabadilika. Mwanamke mmoja alikuja kuomba chumvi, Sikitu akampa, halafu usiku kucha akajiuliza chumvi ile ilikuwa ya nini. Hata Bi Nyamizi, aliyemlea marehemu mume wa Sikitu na kumpenda Sikitu mwenyewe kama mwanawe wa kumzaa, hakumsemesha wiki tatu. Walikula sahani moja bila neno. Hilo lilimuumiza Sikitu kuliko Kamishna na jalada lake lote, na hakujua aanzie wapi kulisema.

Msamaha ulipokwisha bila nyota kutokea, Waziri wa Mwanga, Mheshimiwa Dakta Matambuu, aliamua kuacha kuzibembeleza. Akaja na lori, mafundi, na bendi ya tarumbeta. Juu ya Kilima cha Ushuhuda wakasimamisha mlingoti mrefu, na kileleni wakafunga balbu zilizobanana vizuri.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "mababu zetu walitegemea nyota zinazotokea zinapotaka zenyewe. Huo ulikuwa utumwa. Leo tuna Kilimia cha Taifa. Kinawaka kwa swichi, kinatii, na kikiungua tutabadilisha."

Makofi yakapigwa kwa muda uliopangwa. Waziri akamgeukia Sikitu, akampa fomu na kalamu yake mwenyewe. "Hesabu, mama, utie sahihi. Watu wanataka kulima."

Sikitu akaitazama mvua iliyokuwa inajikusanya upande wa bonde. Akitia sahihi, kesho watu wanapanda, basi yamekwisha. Lakini aliitazama pia ile kalamu. Katika nchi ile waziri hakupi kalamu yake bure; anataka alama za vidole vyako zibaki mahali. Na adhabu ya ushahidi wa uongo wa Kilimia ilikuwa miaka kumi na mitano. Leo wangempigia tarumbeta, mwezi ujao wangemuuliza tangu lini balbu ni nyota. Akainua macho mlingotini, akahesabu polepole, akitafuta pa kutokea.

"Mheshimiwa, ziko saba."

"Ndiyo. Ya saba ni ya Mzee Mwenyewe."

"Fomu inasema sita, mheshimiwa. Nilikula kiapo cha sita."

Waziri akamtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake. Kuondoa balbu moja lilikuwa jambo la dakika mbili, lakini nani angepanda mlingoti kumng'oa Mzee Mwenyewe mbele ya bendi? Na kama ingeachwa, nani angeibadilisha sheria iliyomzidi umri? Waziri alitokwa na jasho. Mwishowe akatamka kwamba suala la nyota ya saba ataliamua mwenye nyota. Sikitu akapakiwa kwenye gari, fomu mkobani, akapelekwa Ikulu.

*

Walifika saa moja na nusu jioni. Askari wa geti akampitisha mlango wa nyuma, akamwonyesha benchi karibu na jiko, akamwambia asubiri aitwe. Kisha akaondoka.

Sikitu alikaa muda mrefu kabla ya kutambua kinachomsumbua. Alikuwa haioni mikono yake. Pale uani hapakuwa na taa. Juu ya paa la Ikulu, hakuna. Ukutani, hakuna. Hata nyumba za mitaa iliyopakana nayo zilikuwa gizani, na ukuta mnene mrefu ulizuia mwanga wa mji usipenye.

Mtu akapita na ndoo, mtunza bustani kwa jina Lubango, mwenye sauti ya kunong'ona.

"Mama, usikohoe. Mzee amelala."

"Saa hizi?"

"Analala na kuku. Na mwanga anauchukia, unamuuma kichwa. Huku taa ni marufuku."

Sikitu akainua uso. Mashariki, juu ya ukuta, nyota zilikuwa zimejaa tele, kubwa kwa ndogo, na katikati yake kile kikundi kilichobanana kimekaa pake pale pale alipokiacha mwaka jana. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kidole. Sita. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Wiki tatu nzima alikuwa hayaamini hata macho yake mwenyewe, na sasa alijua kwamba yalikuwa mazima na hayakumdanganya.

Halafu akasikia majani yakitoa mchakacho upepo ulipopita. Akanyoosha mkono kando ya benchi, akagusa jani refu lenye makali pembeni.

"Haya ni mahindi?"

"Ya Mzee mwenyewe. Tulipanda kilipotoka," alisema Lubango, akionyesha juu kwa kidevu. "Wiki ya tatu hii. Yamefika magotini." Kisha akashtuka, akainamia ndoo yake. "Lakini mimi sijasema kitu, mama. Na wewe sikukuona, kuna giza."

Hasira ilimpanda Sikitu mpaka masikio yakawa ya moto. Akamwomba Lubango amwazime tochi kidogo tu, chini ya khanga, akajaza fomu magotini. Alipofika palipoandikwa "Mahali palipoonekana" akasita. Angeweza kuandika Kilima cha Ushuhuda, na hakuna ambaye angemsumbua. Lakini watu wa kilimani wangejua ni uongo, na uongo ule ungekuwa na sahihi yake. Akaandika ukweli, mstari kwa mstari, kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Hakuitwa. Alfajiri Waziri akaja kumchukua getini.

"Sita au saba?"

"Sita, mheshimiwa."

"Mzee amekubali?"

"Mzee amelala, mheshimiwa, tangu nilipofika."

Waziri akafikiri. "Amelala bila kukataa. Basi amekubali." Akaipokea fomu, akaangalia sahihi kama ipo, akagonga muhuri. Katika serikali ile karatasi ilisomwa kuanzia chini, na mtu akishaona sahihi hapandi juu. Wakubwa waliona kusoma maneno ya katikati ni kumshuku aliyeandika, na kushuku ilikuwa kazi ya idara nyingine.

*

Saa moja asubuhi redio ikapiga ngoma ya Kilimia, na mtangazaji akasoma neno kwa neno, kama sheria inavyosema.

"Kilimia kimeonekana. Idadi, nyota sita. Mahali, uwanja wa nyuma wa Ikulu, karibu na jiko. Hali ya anga, giza zuri, kwa kuwa huko taa ni marufuku." Hapo sauti ya mtangazaji ikapungua, lakini muhuri aliuona, akaendelea. "Maelezo mengine. Mahindi ya Mheshimiwa Rais yamefika magotini."

Ukafuata wimbo wa taifa, ambao haukuwa kwenye ratiba.

Sikitu alikamatwa kabla wimbo haujafika ubeti wa pili. Alikaa rumande siku hiyo na usiku wake, akingoja kusikia vishindo vya watu nje. Alijua watatoka. Watu wameambiwa ukweli wote, na kituo cha redio ni cha serikali, watakosaje kutoka? Alingoja mpaka akasinzia ameegemea ukuta. Hakusikia kitu ila mvua.

Asubuhi Kamishna Ngoroma akaja, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nimetuma masikio mia nne madirishani, nchi nzima," alisema. "Unataka kujua watu wamesemaje?"

"Wamesemaje, mkuu?"

"Wamesema ni mtego. Wamesema serikali haiwezi kusema jambo kama lile redioni bila sababu. Wamesema tunataka kuona nani ana jembe lililonolewa." Akafungua jalada, akasoma kifungu. "Kosa la kueneza ukweli linataka awepo angalau msikilizaji mmoja aliyeamini. Tumetafuta, Bi Sikitu. Hayupo. Nenda nyumbani, huna kosa."

Sikitu angependelea wamfunge.

*

Alifika nyumbani mvua ikiwa nyepesi. Hakubadilisha nguo. Alichukua jembe na gunia la mbegu nyuma ya mlango, akaingia shambani, akaanza kuchimba mashimo. Kijijini kote madirisha yakafunguka nyufa. Jembe lake lilisikika mpaka kisimani, na hakuna aliyepuliza filimbi, maana kila mtu alikuwa anafikiria jambo lile lile. Jana alikamatwa, leo ameachiwa, na sasa analima mchana kweupe. Basi ametumwa.

Bi Nyamizi akatoka, akasimama ukingoni mwa shamba.

"Umetumwa?" Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya wiki tatu.

"Sijatumwa, mama."

"Na aliyetumwa angejibuje?"

Sikitu akaegemea jembe, akafikiri kwa haki. "Angejibu hivyo hivyo."

Bi Nyamizi akaguna. Akarudi ndani, akatoka na jembe lake, akaifunga khanga vizuri kiunoni. "Tangulia mbele," alisema, "nikuone mikono."

Wakaenda hivyo, mmoja anachimba na mwingine anatia mbegu na kufukia, bila kusemezana. Walipomaliza mstari wa tano, Mzee Chilumba akatokea kwenye shamba lake lililopakana nao. Alitaka kusikia wanazungumza nini, na kwa kuwa mtu asiye na jembe angeonekana anapeleleza, alikuja na jembe. Akawa anachimba na kutega sikio. Mwenye shamba la ng'ambo alimwona Chilumba, akajiuliza anapewa nini kwa kazi hiyo, naye akatoka na jembe lake ili amchunge. Huyo naye akapata wa kumchunga.

Kufikia siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa shambani, migongo imeinama na macho yametoka pembeni. Masikio ya Kamishna yaliripoti kwamba wote wanaolima ni watu wa idara, ila haijulikani idara gani, kwa hiyo wasiguswe.

Bi Nyamizi alinyoosha mgongo, akatupa macho bondeni kote, akatema mate pembeni.

"Unawaona hao, mwanangu? Wote wametumwa."

"Waache watumwe, mama," alisema Sikitu. "Wanafukia mbegu."